Mashine Iliyotumwa Bila Akili Yake

Darius alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mdomo. Mikono yake ilikuwa mizima kabisa. Katika mji wote wa Baraka hakukuwa na fundi wa kuchomelea aliyejua kuunganisha chuma na chuma akakuachia mshono mwembamba kama wake. Lakini huo mdomo haukujua saa ya kazi wala saa ya maombi. Siku ile Ingénieur Patrice aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya atelie, karakana yao ya chuma, na viatu vyeupe alivyovaa kutoka Kalemie, Darius alizima moto wake, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akamwambia:

“Karibu, Ingénieur. Lakini kwa hii viatu, si ulikuja kuposa?”

“Nilikuja kwa kazi,” alisema Patrice.

“Ah, pole. Bibi mwenyewe eko pale, lakini anapendaka chuma tu.”

Bibi mwenyewe alikuwa Munira, na hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta yake, juu ya meza iliyojaa vumbi la chuma. Baba yake alipofariki alimwachia jengo la mabati, mashine moja ya kukata chuma na mafundi saba, na mtaa mzima ulisubiri kuona atauza kipi kwanza. Hakuuza hata msumari. Badala yake alitengeneza mashine ya kukamua mawese ambayo bamama wa Fizi waliishindania kama kiti cha mbele kwenye lori.

Darius alikuwa amefanya kazi naye miaka mitano na bado hakujua amcheke au amvulie kofia, kwa hiyo alifanya yote mawili. Kabla ya kuchora mstari mmoja, huyu mwanamke alikaa wiki sita na wakamuaji. Alianzia Mutambala, akapanda Fizi, akaingia ndani mpaka Kilembwe, akarudi ziwani akavuka kwenda Ubwari kwa mtumbwi, mkononi daftari na kipimo cha chuma cha kupimia unene. Alichukua ngazi moja moja, yaani hayo matunda mekundu ya mchikichi, akapima nyama, akapima kokwa, akaandika. Mia nne na zaidi. Bamama walianza kumwonea huruma. Mmoja alimuuliza kama ameachwa na mchumba.

Kilichotoka kwenye lile daftari ndicho kilichoishi ndani ya kompyuta, na hakikuwa picha. Picha hata Darius angechora kwa mkaa ukutani. Hiki kilikuwa kitu chenye akili. Uliandika namba moja tu, yaani mama mmoja anachemsha beseni ngapi za ngazi kwa siku, na mashine nzima ilijipanga upya mbele ya macho yako. Ile visi kubwa ya ndani, yaani parafujo inayosukuma ngazi, ilinenepa au ikakonda, matundu ya kutokea mafuta yakasogea, na nafasi kati ya visi na ukuta ikabana taratibu kuelekea mwisho, kiasi cha kukamua nyama bila kuvunja kokwa. Kokwa zikivunjika, mafuta yake yanachafua mawese, na mama atakurudishia mashine yako pamoja na matusi ya ukoo mzima. Mara ya kwanza Darius alipoachiwa kuigusa, aliandika beseni elfu moja. Mashine ikawa kubwa kama kanisa. Akaandika moja, ikawa ya kukamulia karanga. Akasema: “Munira, humu ndani umefungia muntu.”

Sasa Patrice alitaka huyo mtu apewe yeye.

Kiwanda alichofanyia kazi kule Kalemie kilikuwa kimepata kazi ya mashine sitini za mawese, za saizi tatu. Wao wangetengeneza vitako vya chuma na kufunga moteri; Munira angetengeneza mashine zenyewe. Patrice aliyaeleza hayo kwa adabu nzuri, akaweka karatasi ya makubaliano mezani, na juu ya karatasi akaweka flashi.

“Mama Munira, patron, mukubwa wangu, anaomba fichier, ile ya mashine ndani ya kompyuta. Original. Ile yenye iko na kila kitu. Tena aliiandika kwa karatasi, ona, mustari ya tatu.”

“Ya kufanya nayo nini?”

“Ya kufunga moteri. Bila fichier hatujue moteri inakaa wapi, mukanda inapita wapi.”

“Na nikikatala?”

Patrice alikuna kidevu. “Alisema atakamata mashine ya muntu mwingine. Mi ninarudisha tu maneno yake.”

Kila mtu pale alikumbuka mashine ya Munira ya kukwangua muhogo. Miaka miwili nyuma mgeni mmoja mwenye tabasamu tamu aliomba fichier yake “kuangalia tu.” Munira akampa. Kabla ya mavuno mengine mashine ile ile ilikuwa sokoni, imepakwa rangi ya bluu, na mafundi wawili kati ya saba wakaambiwa warudi nyumbani. Waliobaki watano walijua hesabu ilivyo: akili ya mashine ya mawese ikitoka, hakuna wa tano wala wa nne. Kazi ya Kalemie ikikataliwa pia, mwaka ungewashinda hivyo hivyo.

Darius hakuvumilia.

“Ingénieur, mi nikienda kushonesha suruali, fundi ananipima kiuno. Hajaniombaka matumbo.”

Mafundi wakacheka. Patrice naye akacheka kidogo. Munira peke yake hakucheka. Alimtazama Darius muda mrefu, kama mtu aliyeona chuma alichokitafuta wiki nzima kimelala miguuni pake.

“Kiuno,” alisema. Kisha akamgeukia mgeni. “Boti yako inaenda lini?”

“Kesho, saa ine.”

“Pitia hapa asubuhi. Utapata kintu ya kufungia moteri.”

Mgeni alipoondoka tu, Darius alimjia juu. “We Munira! Unamupa kweli? Ya muhogo haikutuchapa fimbo ya kutosha?”

“Njo ukae hapa. Tena funga kinywa, angalia.”

Akakaa. Na alichokiona mchana ule, alikisimulia baadaye kwa kila aliyetaka kumsikiliza na kwa wengi wasiotaka. Munira alitoa kopi kwanza, ile original akaiacha imelala mahali pake. Kisha akaanza kuua namba. Ndivyo alivyosema: kuua. Kila kipimo kilichokuwa kinajua sababu yake, kilichoungana na beseni na kokwa na nyama ya ngazi, alikikata kikabaki peke yake. Sentimita ishirini na mbili. Kwa nini ishirini na mbili? Sasa hata kompyuta haikujua. Akaandika beseni mia, akabonyeza. Mashine haikutikisika.

“Imekufa,” alinong’ona Darius.

“Bado. Iko na matumbo.”

Akaingia ndani. Visi yenye mizunguko yake ya kubana akaifanya nondo iliyonyooka, kama mpini wa jembe. Matundu akayaziba moja moja. Nafasi yote ya ndani akaijaza kama mtu anayejaza shimo la panya kwa simenti. Alifanya haraka, vidole vikienda bila kuuliza, na kwa nje mashine haikubadilika hata nukta: miguu minne na mashimo yake ya bolti, ncha ya nondo panapokaa puli ya mkanda, kimo, mdomo wa kumiminia ngazi, mfereji wa kutokea mafuta. Ungeiona ungesema ndiyo hiyo. Ungeipasua ungekuta jiwe.

“Kiuno chake ile pale,” alisema Munira. “Mahali yao inagusa yetu. Hapo tu. Hapo nitawapa mpaka nusu ya milimita.”

“Na uzito?” aliuliza Darius.

“Uzito nini?”

“Umejaza chuma ndani. Kompyuta yao itapima hilo jiwe, watachomelea kitako ya kubeba kiboko.”

Munira akaacha kufanya kazi. “Hiyo sikuifikiria,” alisema wazi, mbele ya mafundi wote, akaandika kwenye karatasi ya kuambatanishwa na flashi uzito wa kweli wa kila saizi. Darius alijisikia mrefu kuliko mlango. Katika maisha yake alishakutana na wakubwa wa kazi wengi, lakini mkubwa anayesema “hiyo sikuifikiria” ilikuwa mara yake ya kwanza.

Asubuhi Patrice alikuja, akafungua maganda matatu ya mashine, moja kwa kila saizi, kwenye kompyuta yake, akazungusha, akapima mashimo ya miguu, akasema yanamtosha kwa moteri, na maneno ya patron atayapokea yeye mwenyewe. Akanywa chai. Akatia flashi kwenye mfuko wa shati, akapanda pikipiki.

Munira alitoka kwenda kukagua mabamba ya chuma yaliyoletwa. Darius, ambaye alipaswa kuchomelea, aliifungua tena ile kazi ya jana, kama mtu anayerudi kutazama picha za harusi. Akaizungusha. Akatabasamu. Halafu jicho lake likaenda pembeni, kushoto, kwenye orodha ya majina ya vipande, na kule akaona jina lake.

Alifurahi sekunde tatu. Ya nne ikamgandisha.

Atelie ile ilikuwa na desturi ya marehemu baba yake Munira. Mtu akitoa wazo zuri, hata awe mama aliyepita kuomba maji, mzee aliandika kwa chaki juu ya chuma chenyewe jina lake na neno alilosema, ili asisahaulike. Munira aliihamishia desturi hiyo kwenye kompyuta. Kila kipande kilibeba mwenyewe na neno lake. Na pale kwenye ganda, kwenye mashine iliyokufa, iliyojazwa jiwe, orodha ilisomeka bila aibu: *Matundu, Mama Suzanne, nusu ya kokwa ndogo.* *Visi, Immaculée wa Kilembwe, kila muzunguko punguza moja kwa kumi.* *Mwisho wa visi, Darius, isipite unene wa kokwa moja na nusu.*

Walikuwa wametoa matumbo yote, wakasahau kuifunga mashine mdomo.

“Munira!”

Alikuja mbio, akasoma. Hakumlaumu mtu. Alifunga kompyuta, akaitia ndani ya kitenge, akajifunga mgongoni kama mtoto mchanga.

“Saa ngapi?”

“Tatu na nusu.”

“Washa pikipiki.”

Darius aliendesha kama mtu anayefukuzwa na baba mkwe. Kwenye kila shimo la barabara alisikia nyuma yake sauti ya Munira, si ya kuogopa, ya kuhesabu: vipande kumi na vinne mara tatu, arobaini na mbili, dakika moja kwa viwili, inawezekana. Walipofika ufukweni boti ilikuwa inapakiwa bado. Mama Suzanne, mkamuaji wa Mutambala ambaye jina lake lilikuwa ndani ya flashi, alisimamia mabidoni yake ya mawese yanayokwenda Kalemie. Patrice alikaa juu ya gunia, mkoba wa kompyuta magotini, vidole tayari kwenye zipu.

Darius hakungoja pikipiki isimame.

“Ingénieur! Usiingize tena ile flashi! Iko na virus!”

Watu wawili waliokuwa karibu na Patrice wakasogea mbali, kama vile ingewaambukiza.

“Virus gani?” Patrice aliitoa mfukoni kwa ncha za vidole.

“Ile ya kugeuza mafichier yote kuwa raccourci, majina bila kitu ndani! Kwetu imekula mpaka picha ya ubatizo ya mutoto wa dada yangu. Sasa mutoto anaonekana mupagani!”

Patrice alimpa flashi haraka kuliko mtu anayekabidhi kaa la moto. Munira alikuwa ameshakaa juu ya bidoni tupu, kompyuta mapajani. Betri ilibaki asilimia kumi na moja. Akaanza kufuta. Majina yakaanguka moja moja, na mahali pake pakabaki herufi na namba zisizosema kitu, zimechanganywa ovyo hata mpangilio usisomeke. Mama Suzanne alikuja nyuma yake kuchungulia. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akafika kwenye lake wakati linafutika.

“Munira, mwanangu. Ile si jina yangu?”

“Ni yako, mama.”

“Unaitosha mule, unaifuta, juu ya nini? Niliwakosea?”

Munira hakuacha kuandika, lakini sauti yake ilishuka. “Ile ya nyumbani inabaki na jina yako, hakuna mwenye ataigusa. Hii inaenda kwa wageni. Sitaki neno yenye ulinipa juu ya jiko yako ifike kule, kisha wao warudi kukuuzia neno yako mwenyewe.”

Mama Suzanne alifikiri. “Basi tosha muzuri,” alisema, akasimama upande wa jua akamtandazia kivuli cha kitenge chake juu ya kioo, ili aone vizuri.

Nahodha alikuwa anapiga kelele za mwisho Munira alipochomoa flashi. Kompyuta ilizimika mkononi mwake. Patrice akanyoosha mkono.

“Imepona?”

Darius alikuwa ameshafungua mdomo kusema imepona kabisa. Munira akamtangulia.

“Haikuwa na virus, Ingénieur. Mulikuwa maneno yetu ya ndani yenye nilisahau kutosha. Sasa nimeyatosha. Ya kufunga moteri yote iko mule, na ni sawasawa.”

Darius alifumba macho. Alikuwa ametunga uongo mzuri, wenye mtoto na ubatizo ndani yake, na huyu anaumwaga ziwani.

Patrice alimtazama Munira. “Juu ya nini unaniambia?”

“Juu kesho utatoboa mashimo kwa vipimo vyangu. Kama ninakudanganya hapa, utaviamini namna gani?”

“Patron alisema nilete original.”

“Umuambie nilikatala. Usiseme ulisahau. Sema Munira alikatala.”

Boti iliondoka. Patrice hakuaga wala hakukasirika. Alikaa tu juu ya gunia lake, akiitazama ile flashi kiganjani.

Wiki tatu hakukuja neno. Ndani ya atelie hata Darius alipunguza utani, jambo ambalo mafundi wenzake walilichukulia kama dalili mbaya kuliko zote. Mmoja alianza kuulizia kazi Makobola. Munira aliendelea kukata chuma cha saizi tatu kana kwamba makubaliano yameshatiwa sahihi. Darius alimwangalia na kujiuliza anapata wapi moyo. Mwishoni akamuuliza.

“Wakiamini vipimo, watarudi,” alisema Munira. “Wasipoamini, hata original haingetusaidia.”

Jumanne ya wiki ya nne lori la kukodi lilisimama mlangoni. Juu yake vitako vitatu vya chuma vyenye moteri, kidogo, cha kati na kikubwa, na Patrice katikati yao, amejaa vumbi mpaka nyusi. Waliishusha mashine kubwa ya Munira, iliyokuwa imeshakamilika, juu ya kitako chake. Darius aliingiza bolti ya kwanza kwa vidole. Ikazama. Ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuhitaji nyundo hata mara moja. Mkanda ulikaa kwenye puli kama pete ya mwenyewe.

“Nusu ya milimita,” alisema Patrice. “Sijaonaka.”

Wakaijaribu hapo hapo, na ngazi alizoleta Mama Suzanne zikiwa bado zinatoa mvuke. Mawese yalishuka mekundu, mazito, masafi. Kwenye mdomo wa mwisho zikatoka kokwa nzima, kavu, zimelambwa nyama yote. Patrice alichuchumaa akazichukua kiganjani, akaanza kucheka peke yake.

“Ngoja niwaambie kosa yetu. Patron alinunua mashine yenu moja Fizi, kwa soko. Tukaifungua. Tukapima kila kintu, kila kintu! Ya saizi ile ikatoka muzuri. Akasema basi, ile kubwa tuzidishe yote mara mbili. Tukazidisha.”

“Na?” aliuliza Darius, ambaye tayari alikuwa ameona mwisho wa hadithi na alikuwa anaumwa na kicheko.

“Tukamimina ngazi. Zikapita. Zote. Zikatoka upande ule nzima nzima, hata ngozi haikutoboka. Zilienda tu kutembea!”

“Mulikuza mashine,” alisema Darius, machozi yakimtoka, “mukasahau kukuza ngazi!”

Hata dereva wa lori alicheka. Munira alitabasamu tu. Darius akamwangalia, na ndipo alipoielewa vizuri kazi ya mchana ule. Kipimo mtu anaweza kukisoma kwenye chuma, hilo Munira alijua tangu mwanzo, wala hakupoteza usingizi kulizuia. Alichokificha ni sababu: kipi kinakua na mashine na kipi kinabaki na tunda. Hiyo haikuandikwa kwenye chuma chochote. Kalemie walikuwa na mashine nzima mkononi, na bado walikuwa wamesimama nje.

Patrice alitoa karatasi ya makubaliano, ile ile, sasa ina mkunjo. Akaiweka juu ya kitako cha moteri, akachomoa kalamu, na kwenye mstari wa tatu, palipoandikwa fichier original, akapiga mstari mnene, akatia sahihi pembeni.

“Patron alikubali?” aliuliza Munira.

“Patron ndiye alinituma niifute. Na kintu ingine.” Alisita, akafuta jasho. “Ngazi ya upande wetu si kama ya huku. Kokwa yake ni nene, nyama kidogo. Hizi mashine zenu tatu, kule zitavunja. Anauliza kama unaweza kuja kupima mwenyewe.”

Munira alijifuta mikono. “Bamama wa kule wanachemshaka ngazi muda gani?”

“Sijue.”

“Wanazitwanga mbele ya kukamua, ao hapana?”

“Ile pia sijue.”

“Na beseni yao, ni ya saizi gani?”

Patrice alitoa simu, akampigia mtu Kalemie, akauliza, akasikiliza, akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Akakata. “Hakuna mwenye anajua,” alisema.

“Wale bamama wanajua,” alisema Munira. “Nitakuja nikae nao. Siyo siku mbili. Wiki ine, ao tano. Na utanitafutia nyumba karibu na kwao, siyo karibu na kiwanda.”

“Wiki tano!” Patrice aliugeukia upande wa Darius kutafuta msaada. “Kupima tu matunda?”

“Ingénieur, shukuru,” alisema Darius, akishusha miwani yake na kuwasha moto. “Sisi tulimupa sita.”